Banda la gari lisilo na gari

Futi kamba ya nne niliinunua Gerezani, Dar es Salaam, Jumamosi, jua la saa saba likiwa utosini. Muuzaji alitaka 7,000, nikambembeleza hadi 5,000, nikaitia mfukoni nikijiona mjanja. Kutoka hapo kwa mguu hadi Magogoni, shilingi 200 ya pantoni, kisha nikasimama kwenye kivuko nimebanwa kati ya mama mwenye ndoo ya samaki na kijana wa bodaboda aliyeishikilia pikipiki yake kama mbuzi wa Idi. Ng'ambo, Kigamboni, nikachukua bajaji hadi nyumbani Mji Mwema. Nikaingia bandani moja kwa moja kuupima ubao uliokuwa umenikwamisha tangu asubuhi. Nikauinua. Chini yake ilikuwa imelala futi kamba ya tatu.

Sikumwambia mtu.

Ya pili ilijitokeza siku kadhaa baadaye ndani ya ndoo ya rangi, imegandia kwenye tope la rangi ya maziwa. Ya kwanza nitaifikia. Ila Jumamosi ile ilikuwa imeshaliwa yote, na ubao ulikuwa bado haujakatwa. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikatazama huku na huku. Vifaa vyote nilikuwa navyo, na hapakuwa na hata kimoja cha kushika mkononi.

Banda lenyewe lina upana wa mita 3 na urefu wa mita 6. Kwenye ramani ya nyumba limeandikwa kuwa ni la gari, na gari lililala humo kama miezi minne hivi. Kisha ikaingia mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi, zikafuata mbao za lenta, mabati matatu, TV ya chogo, kitanda cha mtoto ambaye sasa yuko kidato cha pili, na gari likahamia chini ya mwarobaini. Liko hapo hadi leo na kunguru wanalijua.

Humo bandani ndimo ninamofanyia useremala wangu wa wikiendi. Kazi yangu ya kunilisha ni ya mezani, Posta, katikati ya jiji. Useremala niliupata kwa mjomba, aliyekuwa na kibanda chake Keko, ambako nilipokuwa shule ya msingi nilipelekwa likizo kufagia maranda. Nilifagia miaka mingi kabla sijaruhusiwa kushika msumeno. Alipochoka mikono alinipa sanduku lake: randa ya chuma, patasi tano, msumeno wa mkono, na jiliwa, ambayo pale Keko hakuna anayeiita jiliwa, wote wanasema vaisi.

Aliyenizindua ni mke wangu. Ni muuguzi. Jioni moja alikuja mlangoni na sufuria mkononi, mpini unacheza, anaomba bisibisi. Nikamwambia dakika moja. Nilivuta boksi, nikahamisha ndoo, nikainama chini ya meza, nikatoka na patasi, spana, nusu ya koki na chaja ya simu ya zamani. Zikapita dakika kama ishirini. Nilipogeuka alikuwa ameshaukaza mpini kwa ncha ya kisu, amesimama ananitazama.

"Baba, humu ndani mgonjwa angeshakufa."

Hospitalini kwao, akaniambia, hilo limeshapatiwa dawa. Ni utaratibu wa Kijapani uliozaliwa viwandani, wanauita 5S, na Wizara ya Afya ilianza kuueneza kwenye hospitali zetu mwaka 2007 kwa kushirikiana na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa. Maneno yale matano ya Kijapani yametiwa Kiswahili na bado yote yanaanza na herufi S: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Alinihesabia kwa vidole kama anayemfundisha mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Jumamosi sina zamu. Tunasasambua."

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu banda halina dari na ikifika saa tano bati linageuka oveni. Kila kitu kilitolewa nje, hadi msumari. Akachora mistari mchangani kwa fimbo: hapa kinachobaki, hapa kinachoondoka, hapa cha kubishania. Fungu la kubishania ndilo lililokua kuliko yote. Swali lake lilikuwa moja tu, analirudia bila kuchoka: "Hiki mara ya mwisho ulikishika lini?" Na jibu langu lilikuwa moja: "Huenda kikahitajika." Kufikia saa tatu nililichukia jibu langu mwenyewe.

Hesabu iliniumbua. Bisibisi za nyota saba. Spana namba 13 nne, na namba 10, ambayo ndiyo inayotakiwa kila siku, hakuna hata moja. Plaisi tatu, mbili zimeshikana kwa kutu haziwezi kufunguka. Ndoo kumi na moja za rangi, tisa zimekauka. Mawe ya grenda sita, na hapo nikajifunza jambo: lile jiwe la kukatia lina tarehe ya mwisho wa matumizi, imepigwa kwenye pete ya chuma ya katikati. Gundi inayoshikilia chembe zake huchoka kwa umri na kwa unyevu, na grenda ndogo inalizungusha zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Mawe yangu mawili yalikuwa yameisha muda tangu 2019. Nilikuwa nikiyatumia bila miwani.

Mifuko miwili ya saruji, mmoja wapo ndio ule niliokalia, ilikuwa imeshageuka jabali kwa kunywa unyevu wa hewa tu. Tuliivua karatasi, sasa ni ngazi za kuingilia bandani. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mkokoteni wake akapima, akalipa, akapakia. Nikamwonyesha na TV ya chogo. Akaizunguka mara moja akasema, "Mzee, hiyo itabidi wewe ndiye unilipe mimi."

Na ile futi kamba ya kwanza? Mke wangu aliitoa mwenyewe kwenye kikapu chake cha kushonea, bila aibu yoyote. Alikuwa akipimia mapazia tangu 2021.

Nitoe na lawama hapa, maana ile kasi ya kutupa ina ulevi wake. Tulipofika katikati nilikuwa nimenogewa, natupa bila kutazama, na nikautupa ufunguo wa drili. Ule mdogo wenye meno, wa kukazia keekee. Nilikuja kuujua umuhimu wake Jumanne, nimeshika drili isiyoweza kushika kitu, na mkokoteni wa vyuma chakavu uko Mungu anajua wapi. Sasa ufunguo mpya nimeufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye waya wa drili yenyewe. Kwa hiyo anayesasambua, asasambue kwa mikono miwili na macho mawili, na kama ana drili, aanze kwa kuufunga ufunguo.

Ikaja seti, yaani kukipa kila kitu mahali pake. Hapa ndipo nilipopoteza fedha, na sina wa kumlaumu ila intaneti. Nilikesha nikitazama picha za gereji za Marekani: kuta zimefunikwa na mbao za vitundu vitundu, kila nyundo inaning'inia kama pambo, sakafu inang'aa unaweza kuilia ubwabwa. Nikataka vile vile. Vile vibao vya vitundu vilivyo tayari sikuvipata, kwa hiyo nilinunua hardibodi mbili, nikapiga mistari, nikatoboa matundu kwa drili, mamia ya matundu, Jumapili nzima. Nikapigilia ukutani, nikaning'iniza vyote. Nilipiga picha nikaituma kwa kaka yangu Mwanza.

Hiyo ilikuwa Februari. Machi ikaingia masika. Hardibodi ni nyuzi za mbao zilizokandamizwa, na nyuzi hizo hunywa unyevu wa hewa kama andazi. Kwanza ilituna pembeni. Kisha ikaanza kujikunja katikati, matundu yakalegea, kulabu zikawa zinatoka na vipande. Usiku mmoja wa Aprili, saa nane hivi, tulishtushwa na mlio ambao mke wangu alisema ni mwizi na mimi nikasema ni paka. Tulitoka na tochi. Ukuta mzima ulikuwa chini, nyundo juu ya misumeno, na ile hardibodi imelala kifudifudi juu ya vyote.

Jibu lilikuwa limeegemea nyuma ya choo cha nje. Grili la dirisha, la zamani, lililobaki tulipobadilisha madirisha ya sebuleni. Nondo za mraba, miraba ya kama sentimita 12, zito, limekaa mvuani miaka. Nililisugua kwa brashi ya waya, nikalipaka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mara mbili, na fundi wa kuchomelea wa barabarani akaniongezea vikono vinne ili lisimame sentimita 5 mbele ya ukuta. Kulabu nilikunja mwenyewe kwa vipande vya waya mnene, herufi S. Nyundo inaning'inia, spana zinaning'inia, hata randa ina kikapu chake cha waya. Hewa inapita nyuma na mbele. Nikitaka kuhamisha kitu nahamisha kulabu, sihitaji kutoboa. Limepita masika mawili na halijatikisika. Ukiwa na jirani anayebadilisha madirisha, muwahi kabla ya mtu wa vyuma chakavu.

Sasa kutu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyumba yetu iko karibu na bahari kiasi kwamba upepo ukivuma usiku tunasikia mawimbi, na mtu wa Dodoma akinipa ushauri wa kutunza vifaa ninamsikiliza kwa heshima tu.

Kabla hardibodi haijaanguka nilikuwa nimefanya kosa jingine, kubwa zaidi. Vifaa vya mjomba niliviona ni vya thamani mno kukaa ukutani. Nikanunua boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, la kuhifadhia nguo, nikavifunga kwa magazeti nikavipanga ndani, nikaubana mfuniko pande zote nne. Hewa ya nje haitaingia, nilijiambia. Sikufikiria hewa ya ndani. Nilifunga siku ya mvua, mikono ina jasho, magazeti yenyewe yamelainika. Usiku chuma kinapoa, unyevu uliofungiwa unatua juu yake kama jasho la chupa ya soda, na asubuhi hauna pa kwenda. Ongeza chumvi ya bahari na ya viganja vyangu. Chuma kinahitaji maji na oksijeni tu ili kipate kutu, na chumvi ikiwemo kazi inakwenda mbio.

Nilifungua lile boksi mwezi Mei. Harufu iliyotoka ilikuwa kama ya sarafu zilizoshikwa muda mrefu na mtoto. Gazeti lilikuwa limegandia kwenye randa hadi maandishi yamehamia kwenye chuma, niliweza kusoma nusu ya neno "bungeni" kinyumenyume. Chini ya gazeti, uso wa randa, ule ambao mjomba alikuwa akiusugua hadi unaona kope zako, ulikuwa na mabaka ya rangi ya chungwa. Mpini wa mbao, penye herufi mbili za jina lake alizochonga kwa patasi, ulikuwa na ukungu mweupe.

Nilifungua skrubu, nikavua mpini na wembe, nikanunua lita 1 ya siki nyeupe nikaimwaga kwenye beseni na kulaza chuma humo usiku kucha. Asubuhi siki ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa. Kutu lililegea, nikalisugua kwa stili waya. Muhimu ni kutoacha kitu kwenye siki siku mbili tatu, maana ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Nikasuuza kwa maji yenye bekingi soda kidogo kuua ile asidi, nikafuta, nikaanika juani juu ya bati, nikapaka mafuta ya cherehani. Uso ulirudi, si kama zamani lakini ulirudi. Wembe ndio ulikuwa na vishimo kwenye makali. Vishimo havisuguliki. Ilinibidi kuunoa kwa jiwe hadi nivipite, jioni nne, na nadhani nilipoteza milimita 3 za chuma ambacho mjomba alikitunza miaka zaidi ya thelathini.

Alikuja kututembelea Agosti. Nilitamani nisimwonyeshe. Aliingia mwenyewe, akaichukua randa ukutani, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Mjomba, hii uliifungia?"

"Niliifungia, mjomba."

"Chuma hakifungiwi na jasho lake." Akairudisha kwenye kikapu. "Sisi Keko tulikuwa tunatundika. Jioni unafuta kwa kitambaa cha oili, unakwenda zako. Kila jioni. Hata siku ya mshahara."

Ndiyo ninavyofanya. Kitambaa kiko kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, kimelowekwa mafuta ya cherehani, na sitoki bandani kabla sijapita kwenye grili na kufuta kila chuma nilichokigusa. Dakika tatu. Vidogo kama keekee na wembe wa akiba vinakaa kwenye makopo yenye vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, ambavyo nyumba nzima sasa inaniwekea. Jirani mmoja alinishauri niweke mchele badala yake, eti unavuta unyevu. Unavuta. Unavuta na panya.

Kuhusu vitambaa, neno moja. Vyenye mafuta ya cherehani au oili havina shida kubwa kwenye kopo. Lakini ukipaka mbao mafuta ya linsidi, kile kitambaa usikifinyange ukakitupa kwenye kona. Mafuta yale yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjamana hulitunza joto hilo hadi kikawaka chenyewe bila kiberiti. Mimi navitandaza bapa kwenye kamba nje hadi vikakamae.

Meza ya kazi ilinitoka kwa bahati. Mlango wa mninga wa jikoni ulikuwa umeliwa na mchwa upande wa chini tu, tukaubadilisha. Nikakata sehemu iliyoliwa, nikabaki na ubao wa mita 1.7 ambao leo kuununua ungenitoa jasho. Miguu nikaitengeneza kwa paini, inchi 4 kwa 4. Kimo nikakopi cha meza ya chakula, sentimita 75, na kwa wiki tatu nikawa natembea nimeinama kama mtu anayetafuta hela iliyoanguka. Kumbe meza ya kupigia randa inatakiwa ifike karibu na kifundo cha mkono ukisimama mikono imening'inia. Kwangu ni 88. Nikainyanyua kwa matofali, nikapima, nikashusha tofali moja, nikapima tena, ndipo nikaongeza miguu. Anayekwambia kipimo kimoja kwa watu wote hajawahi kuumwa kiuno.

Miguu hiyo imesimama ndani ya makopo yenye oili chafu kidogo. Mchwa wa Kigamboni hawana mzaha. Mbao zote sasa zinalala juu ya vyuma vilivyotoka ukutani, nusu mita kutoka sakafuni, na hazigusi ukuta, ili mchwa akitaka kupanda ajenge njia yake ya udongo hadharani nimwone.

Niliiweka meza chini ya yale matofali ya matundu ya upande wa kusini, nipate upepo. Wazo zuri hadi kusi ilipoanza kuvuma na kuleta manyunyu ndani, juu ya kazi niliyokwisha kuipiga vanishi. Nikaihamishia upande wa mashariki. Mwanga nao: taa moja nyuma yangu ilinifanya nikate kwenye kivuli changu mwenyewe. Tyubu mbili, moja mbele na moja juu, na kuta nyeupe. Nilianza na chokaa kwa sababu ya bei, lakini inashika kila nguo inayopita, kwa hiyo ukuta wa nyuma ya grili nimeupaka emalshani.

Umeme ndio ulionitisha kuliko yote. Banda lilikuwa na taa tu, hakuna soketi. Kwa miaka miwili nilikuwa navuta ekstensheni kutoka sebuleni kupitia dirishani, ile nyembamba nyeupe ya mezani, na urefu uliozidi naukunja vizuri naufunga kwa lastiki kama mtu msafi. Jumapili moja nakata bomba la chuma kwa grenda, wati 850. Ndani, binti yangu akachomeka pasi kwenye ekstensheni ile ile kunyoosha sare za shule, wati 2,000. Gawanya kwa volti 230 upate zaidi ya ampea 12. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, haikuona kosa lolote. Waya wenyewe, uzi wa milimita 0.75, ni wa kubeba kama ampea 6, na ulikuwa umekunjwa hivyo joto halina pa kutokea. Nilisikia harufu kabla ya kuona moshi. Nilipofika, ile mikunjo mizuri ilikuwa imeyeyuka ikawa kitu kimoja, kama chapati za maji zilizobandikana.

Kesho yake nilimtafuta fundi mwenye leseni ya EWURA. Akavuta waya wa milimita 2.5 kutoka kwenye boksi la sakiti, breka yake peke yake, na swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, kwa sababu sakafu ya bandani masika huwa na maji. Iligharimu kuliko vitu vyote nilivyovitaja hapa vikijumlishwa. Sina cha kuijutia. Unit za LUKU nazo naziona zinavyokwenda, ila hiyo ni habari nyingine.

Vumbi nilipite haraka: la mninga linanipigisha chafya hadi machozi, la mvule linawasha. Barakoa na mlango wazi. Mke wangu alileta barakoa na hotuba.

Kilichobaki kigumu ni watu. Hakuna utaratibu wa Kijapani wa kuazima. Mtaani kwetu mtu haji kuomba msumeno. Anakuja kukusalimu. Mnaulizana afya, watoto, mvua, Simba na Yanga, anakaa, anakunywa maji, anaaga, anafika getini, ndipo anageuka: "Jirani, eti, nina kashida kadogo." Utamnyimaje? Na baada ya wiki mbili utamdaije? Ukimdai umekuwa mtu wa ajabu. Nusu ya vifaa nilivyokuwa nadhani vimepotea bandani vilikuwa nyumba za watu, na wenyewe walishasahau kuwa si vyao. Klampu yangu moja niliikuta imebana bomba la maji la jirani, imepakwa rangi pamoja na ukuta.

Nilichofanya ni hiki. Nyuma ya grili, ukutani, nimechora umbo la kila kifaa kwa rangi ya kahawia, mahali kinapotundikwa. Kifaa kikiwepo huoni mchoro. Kikiondoka, ukuta unabaki na kivuli cha nyundo kinachokutazama. Anayeazima namwingiza bandani, anatundua mwenyewe, na pembeni kuna chaki ya kamba: anaandika jina na siku ndani ya kivuli kile kile. Simwambii kitu. Nilidhani wataona namtilia mtu shaka. Kumbe watoto wao wakaupenda, ikawa mchezo, baba akichelewa kurudisha mtoto anakuja nacho mbio anakitundika mwenyewe, anakaa pembeni kuhakikisha kimelingana na mchoro. Kuna dogo wa darasa la tatu anayepita tu kukagua. Anasoma majina kwa sauti, barabara nzima inasikia.

Leo asubuhi nimefuta vyuma vyote, nimefagia maranda. Kivuli kilichobaki tupu ni kimoja, cha msumeno wa mjomba. Ndani yake kuna chaki imeanza kufifia: "Mzee wa nyumba ya kijani, Alhamisi." Ya lini, hakuandika.